KURA NI USHAHIDI, NA SHAHIDI HUJITAYARISHA MAPEMA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika darsa zetu za baada ya Maghribi tumeulizwa, si mara moja wala mbili, masuala mawili. La kwanza ni hili: wenzetu wa Unguja wana siku ya kura ya mapema, je, na sisi wa Kenya tunayo siku kama hiyo, ili mwenye safari na mwenye shughuli apate kupiga kura yake kabla ya wengine? Na la pili: kura ni jambo la dunia, Muislamu akikaa nyumbani siku hiyo akasoma nyiradi zake, amepungukiwa na nini?

Masuala haya yaonekana kuwa mbalimbali, lakini ukiyatazama vizuri utaona kuwa yamefungamana. Mwenye kuiona kura kuwa si kitu hajishughulishi kujua siku yake wala masharti yake, na asiyejua siku yake wala masharti yake hufika mlangoni akarudishwa, kisha akasema, "Si niliwaambieni kuwa kura si kitu?" Basi tutajibu yote mawili, na tutaanza na lile la pili, maana ndilo shina.

HUKUMU YA JAMBO LENYEWE

Marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, ni miongoni mwa wanachuoni wa zama hizi walioieleza kura kwa kuipima na mambo yanayojulikana katika sharia. Alisema kuwa kura ina sura tatu. Kwanza ni ushahidi, maana mpigaji kura anashuhudia kwamba mtu huyu aufaa wadhifa huu na ni mwaminifu. Pili ni uombezi, maana anamwombea mtu apewe cheo. Na tatu ni uwakili, maana anamweka mtu asimame mahali pake na mahali pa watu wote katika mambo yao.

Ikiwa kura ni ushahidi, basi sote twajua khabari ya ushahidi katika dini yetu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, Mwenyezi Mungu amekataza kuuficha ushahidi, na akabainisha kuwa mwenye kuuficha moyo wake una dhambi. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimame na uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu au wazee wetu au jamaa zetu. Na Mtume (s.a.w.) aliuhesabu ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa, na alipoutaja alikuwa ameegemea, akaketi, akawa akilikariri neno hilo mpaka masahaba wakatamani lau angenyamaza.

Basi hapa pana makosa mawili, si moja. Mwenye kumpigia kura asiyefaa kwa sababu ni mtu wa kabila lake au wa mtaa wake ameshuhudia uongo. Na mwenye kujua nani afaaye kisha akakaa kitako barazani ameficha ushahidi. Watu wetu wengi huliogopa kosa la kwanza, na hilo ni jema. Lakini kosa la pili hawalioni kuwa ni kosa, bali wengine hulidhania kuwa ni uchamungu.

Hatukatai kwamba wako wanachuoni waliokhitalifu katika jambo hili, wakaona afadhali Muislamu ajitenge na uchaguzi wa dola isiyohukumu kwa sharia. Rai yao tunaiheshimu. Lakini tunawauliza wanaoishika: je, kujitenga kwetu kumezuia kitu? Gavana huchaguliwa tuwepo tusiwepo. Maji ya mifereji, zahanati, taka za mitaani, ada za sokoni, ardhi tunazokaa bila ya hati, haya yote huamuliwa na watu waliochaguliwa, na sisi hupatwa na maamuzi yao sawasawa na waliopiga kura. Nabii Yusuf (a.s.), alipokuwa Misri katika dola isiyokuwa ya dini yake, aliomba awekwe juu ya khazina za nchi ili aziangalie kwa amana. Hakusema kuwa hilo ni jambo la dunia.

MFANO WA KARIBU

Tusitafute mifano ya mbali. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, waliokuwa wameandikwa katika daftari ya wapiga kura ya Kaunti ya Mombasa walizidi 640,000. Waliofika vituoni hawakutimia nusu yao. Na uchaguzi wa Gavana, ambao uliahirishwa hapa Mombasa na kule Kakamega kwa ajili ya makosa yaliyoingia katika karatasi za kura, ulipofanywa tarehe 29 Agosti, waliofika walizidi kupungua. Ni kana kwamba kadhi amewaita mashahidi mia, wakaja chini ya hamsini, na mahakama ikahukumu kwa maneno ya hao waliokuja. Je, wale waliobaki majumbani wana haki gani ya kuilaumu hukumu?

Na asiseme mtu kuwa kura yake moja haina uzito. Mwaka 2017, kiti cha Gavana wa Lamu kiliamuliwa kwa tofauti ya kura zisizotimia mia mbili. Hao ni watu wa safu chache za msikiti mmoja siku ya Ijumaa.

Tena tukumbuke kuwa haki hii haikuwa sawa kwa wote siku zote. Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sharia kwa mara ya kwanza, Machi 1957, hakupewa kura kila mtu mzima. Mtu alipimwa kwa elimu yake, na mali yake, na utumishi wake. Wengine hawakupata hata kura moja, na wengine walipata mpaka kura tatu. Leo tajiri wa majumba na mchukuzi wa bandarini kila mmoja ana kura moja, haizidi wala haipungui. Hii ni neema, na neema isiyoshukuriwa huondoka.

JE, KENYA KUNA KURA YA MAPEMA?

Sasa turudi kwenye suala la kwanza. Khabari za Unguja ni kweli. Sharia ya uchaguzi ya Zanzibar ya mwaka 2018 iliweka siku ya kura ya mapema, nayo ilitumika tarehe 27 Oktoba 2020, na tena tarehe 28 Oktoba 2025, siku moja kabla ya uchaguzi wenyewe. Lakini hata huko siku hiyo si ya kila mtu. Imewekwa kwa ajili ya watendaji wa uchaguzi, askari na mfano wao, ambao siku ya pili yake huwa kazini. Nayo imezusha mabishano makubwa baina ya vyama.

Ama sisi wa Kenya, hatuna kura ya mapema. Wala hatuna kura ya kupeleka kwa posta, wala ya kumtuma mtu akupigie. Katiba ya mwaka 2010 imeweka uchaguzi mkuu siku ya Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti katika kila mwaka wa tano. Kwa hesabu hiyo, uchaguzi unaoufuata ule wa 2022 ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Ni siku moja tu, na katika kituo kimoja tu, kile ambacho jina lako limeandikwa.

Natija yake ni hii. Ukiwa umeandikwa Majengo, na siku hiyo uko Nairobi kwa biashara, huna kura. Ukiwa umeandikwa Malindi, na siku hiyo uko Makka kwa Umra, huna kura. Ndugu zetu walioko ng'ambo hupiga kura ya Rais peke yake, nao hupiga katika vituo vilivyowekwa huko, na ni wale tu walioandikwa huko. Mwaka 2022 vituo hivyo viliwekwa katika nchi 12, zikiwemo Tanzania, Qatar na Falme za Kiarabu, lakini Saudia haikuwemo.

Na hapa pana jambo la kuzinduana. Kwa hesabu ya mwezi, tarehe 10 Agosti 2027 itaangukia katika siku za mwanzo wa Mfungo Sita. Kila mtu wa mwambao ajua jinsi watu wanavyosafiri mwezi huo kwa ajili ya Maulidi, wa Mombasa kwenda Lamu, na wa huku kwenda kule. Hapa si mahali pa kujadili Maulidi. Twasema tu kwamba mwenye nia ya safari na apige kura kwanza, kisha ndipo afunge mzigo.

Kwa hivyo, umapema wetu sisi haumo katika kupiga kura, bali umo katika kujitayarisha.

MAANDALIO YA KABLA

Jambo la kwanza ni kitambulisho. Mwenye kutaka kuandikwa hana budi awe raia aliyetimia miaka 18, mwenye kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria iliyo hai. Twajua kuwa vijana wetu wengi, khasa wa visiwani na mipakani, wametaabishwa katika kutafuta vitambulisho. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza mapema, wala si sababu ya kukata tamaa. Mzee mwenye kijana aliyetimia umri na amfuate kwa jambo hili kama anavyomfuata kwa sala.

La pili ni kuandikwa. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka huandika wapiga kura wakati wote katika afisi zake za majimbo. Lakini mlango huo hufungwa uchaguzi unapokaribia, na siku sitini za mwisho haufunguliwi kabisa. Kila mara watu wetu huja mbio mlango umekwisha fungwa. Na asijiandike mtu mara mbili, maana hilo ni kosa la jinai, na ni udanganyifu pia mbele ya Mwenyezi Mungu.

La tatu ni kulihakikisha jina. Mtu aliyeandikwa zamani asitosheke na kumbukumbu yake. Daftari hufunguliwa kwa ukaguzi kabla ya uchaguzi. Na aende atazame jina lake, nambari ya kitambulisho chake na kituo chake. Aliyehama Old Town akahamia Kisauni, na ataka kupiga kura huko, na aombe uhamisho mapema.

La nne ni kujifunza karatasi. Siku hiyo mpigaji kura hupewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge, na ya Mwakilishi wa Wadi. Kila moja ina rangi yake, na sanduku lake lina kifuniko cha rangi hiyo hiyo. Watu wengi huijua karatasi ya kwanza tu, hizi nyingine wakazitia alama kwa kubahatisha. Na hali mwakilishi wa wadi ndiye aliye karibu na taka yako na taa ya mtaa wako kuliko Rais. Basi zijadilini nyumbani zote sita kabla ya siku yenyewe.

SIKU YENYEWE

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na hufungwa saa kumi na moja jioni. Mwenye kusali Alfajiri kwa jamaa akatoka msikitini moja kwa moja, atakuwa katika watu wa mwanzo. Na aliyekwisha ingia katika safu kabla ya saa kumi na moja hafukuzwi, hata ikiwa zamu yake itafika baada ya saa hiyo. Basi asikubali kuondoka. Wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, waja wazito na wenye watoto wachanga hutangulizwa mbele. Kuwapisha hao ni adabu ya dini kabla ya kuwa amri ya serikali.

Chukua kitambulisho kile kile ulichojiandikia. Si nakala, wala si picha iliyo katika simu. Karani atakiangalia na kukutaka uweke kidole katika mashine. Wako watu ambao vidole vyao havisomeki, kama wavuvi, mafundi wa saruji, na akina mama waliochakaa vidole kwa kazi za jikoni. Mtu wa namna hiyo asirudi nyumbani. Na atake jina lake litafutwe kwa nambari ya kitambulisho, na jambo lake liandikwe katika fomu mbele ya mawakala, kisha apige kura. Na mwanamke mwenye kuvaa nikabu aombe kwa upole atazamwe na karani mwanamke.

Ukipewa karatasi, hakikisha kuwa ina mhuri wa Tume. Ingia kijumbani peke yako, utie alama moja tu katika nafasi ya mtu mmoja. Usiandike jina lako, wala dua, wala matusi. Karatasi yenye alama kwa watu wawili, au yenye kumtambulisha mwenyewe, au isiyo na alama yoyote, haihesabiwi. Ukikosea, usiitie sandukuni. Irudishe kwa msimamizi wa kituo akupe nyingine. Kisha kila karatasi itie katika sanduku la rangi yake.

Asiyeona, au asiyejua kusoma, ana haki ya kuingia na mtu amwaminiye, aliyetimia miaka 18, na mtu huyo hula kiapo cha kutunza siri. Mtu mmoja hasaidii zaidi ya mmoja. Basi mwana na amsaidie mamake, na mjukuu na amsaidie babuye, lakini kwa sharti hili: atie alama alipoambiwa, si anapopenda yeye. Twasikia vijana wakijisifu kuwa wamemgeuzia bibi kura yake. Hiyo ni khiyana iliyo wazi, na mwenye kuifanya amemwibia mtu asiyeweza kujitetea.

Mwisho hutiwa wino kidoleni. Tumeulizwa kama wino huo wabatilisha udhu. Jawabu ni kuwa kutiwa wino hakubatilishi udhu hata kidogo. Linalotazamwa ni kufika kwa maji katika ngozi pale mtu atakapotawadha tena. Ikiwa kilichobaki ni rangi tupu, mfano wa hina iliyokwisha oshwa, hakuna dhara. Na ikiwa una mwili unaokwaruzika juu ya ngozi, na auondoe ule mwili kwa kadiri awezavyo. Rangi itakayobaki imesamehewa. Basi asiifanye mtu sala yake kuwa udhuru wa kuificha shahada.

FEDHA ZA USIKU WA MANANE

Sasa twaja kwenye maradhi makubwa. Kampeni hukomeshwa kwa amri ya sharia saa 48 kabla ya siku ya uchaguzi; lakini watu wa mtaani wajua kuwa kampeni nyingine huanza papo hapo, ile isiyokuwa na kipaza sauti. Mtu hugonga mlango usiku na bahasha, au kilo za unga, au kanga. Wengine hutaka vitambulisho vya watu viwekwe rehani mpaka uchaguzi upite, ili wasipige kura. Na wengine humtaka mnunuliwa aipige picha karatasi yake kwa simu iwe hati ya kuwa ameuza, na hali kupiga picha humo kijumbani hakuna ruhusa.

Sharia ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 imewatia hatiani wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Na kabla yake, Mtume wetu (s.a.w.) amewalaani wote wawili, mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Wako wasemao, "Tutakula zao, na kura tutampa tumtakaye." Hawa wameongeza uongo juu ya haramu. Na wako wasemao, "Ni sadaka." Sadaka gani hii ambayo haijulikani mlango wako miaka minne na miezi kumi na moja, kisha ikakumbuka njia usiku mmoja?

Tufanye hesabu ya sokoni. Aliyekupa shilingi elfu moja amenunua miaka mitano. Zigawe kwa siku zake, utaona kuwa umejiuza kwa chini ya senti sitini kwa siku, na senti sitini hazinunui hata kahawa ya barazani. Na mnunuzi huyo hana deni kwako. Ukimwendea kesho kumtaka dawa za hospitali, atakuambia kwa moyo mkunjufu kuwa alikwisha kulipa.

NI NANI WA KUCHAGULIWA?

Qur'ani imetueleza kisa cha binti wa yule mzee wa Madyan, aliyemshauri babake amwajiri Nabii Musa (a.s.) kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Sifa hizi zatutosha kuwa mizani. Nguvu hapa ni uwezo wa kazi yenyewe, maarifa na ushupavu. Uaminifu ni kuogopa kula kisichokuwa chake. Mwenye nguvu asiye mwaminifu atatuibia kwa ustadi. Na mwaminifu asiye na nguvu ataibiwa naye akiangalia. Hatukuambiwa tutazame ukoo, wala rangi, wala nani aliyechangia mabusati ya msikiti mwezi wa kampeni. Na jirani asiye Muislamu aliye na sifa hizi mbili asidhulumiwe ushahidi wake kwa ajili ya Muislamu asiyekuwa nazo, maana tumeamrishwa uadilifu na watu wote.

BAADA YA KURA

Kura huhesabiwa pale pale kituoni, mbele ya mawakala, na msimamizi hutangaza matokeo ya kituo hicho, na fomu yake hubandikwa mlangoni ipate kuonekana. Na wasemao kuwa hakuna wa kusikiliza malalamiko, na wakumbuke kuwa tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa Rais uliofanywa tarehe 8 Agosti, kwa kuwa haukwenda kwa mujibu wa Katiba na sharia. Njia ya kudai haki iko, nayo ni mahakama na hoja. Mawe si hoja, wala moto wa matairi si hoja. Aliyeshindwa na asubiri, aliyeshinda na asijigambe. Jirani yako wa leo ndiye atakayebeba jeneza lako kesho.

Enyi ndugu zetu, tumesema kuwa kura ni ushahidi. Shahidi wa kweli hangoji kuburutwa mahakamani. Huijua siku yake, huuhifadhi ushahidi wake, hauuzi, wala hauhofii. Basi kabla ya kuikunja karatasi hii, kila mmoja wetu na ajiulize: kitambulisho changu kiko wapi? Jina langu limeandikwa kituo gani? Na ni nani nyumbani kwangu ambaye bado hajaandikwa? Asiyekuwa na jawabu ya moja katika hayo, kazi yake ya kesho asubuhi ameshaijua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki na atupe nguvu ya kuifuata, na atujaalie wakubwa wenye kutuhurumia. Wabillahi tawfiki.